HERBERT CHITEPO: WAKILI ALIYEIACHA MAHAKAMA

Ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri safari hii tumempa mtu ambaye wanafunzi walioko shuleni sasa huenda hawajapata kulisikia jina lake, na ambaye wengi wetu tuliotangulia tulilisikia redioni zamani, kisha tukalisahau. Ni marehemu Herbert Chitepo, mwanasheria wa Zimbabwe, mshairi wa lugha ya Kishona, mwenyekiti wa chama cha ZANU, na, jambo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa mstari mmoja tu, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa nchi yetu.

Najua kuna atakayeuliza: Mpapura na Zimbabwe, wapi na wapi? Jibu liko kusini yetu, mtoni. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Watu wa mkoa huu waliwapokea wakimbizi, wakala nao mihogo na mtama, na Nachingwea ikawalea wapiganaji. Vita vile viliposonga kutoka Cabo Delgado na Niassa vikafika jimbo la Tete, ndipo wapiganaji wa Chitepo walipopata mlango wa kuingilia kwao. Kwa hiyo habari zake si habari za mbali. Mzee yeyote wa hapa aliyempa mkimbizi kibuyu cha maji alikuwa na sehemu yake ndani ya habari hizi, hata kama hakulijua jina la Chitepo.

Alizaliwa tarehe 15 Juni 1923 upande wa mashariki wa nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kusini, katika sehemu za Nyanga, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kabila lake ni Wamanyika, ambao ni tawi la Washona. Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kianglikana ya Mtakatifu Daudi, Bonda, akaendelea katika shule ya Mtakatifu Augustino, Penhalonga. Sisi wa kusini tunaojua Masasi, Chidya na Ndanda zilivyokuwa hatuhitaji kuelezwa shule za misheni za siku hizo zilikuwa namna gani: kengele, sala, jembe na kitabu. Mtoto aliyefaulu huko alitazamiwa awe mwalimu, na zaidi ya hapo njia ilikuwa imefungwa.

Chitepo naye akawa mwalimu. Alivuka mpaka kwenda Afrika Kusini, katika chuo cha Adams, Natal, akahitimu ualimu mwaka 1945. Huko ndiko alikokutana na Victoria Mahamba-Sithole, binti aliyezaliwa mji wa Dundee, ambaye baadaye alimwoa. Alifundisha kwa muda mfupi, kisha akaingia chuo kikuu cha Fort Hare na kupata shahada mwaka 1949. Fort Hare ya wakati huo ilikuwa kama tanuru. Nelson Mandela na Oliver Tambo walikuwa wamepita pale, Seretse Khama wa Botswana alipita pale, Charles Njonjo wa Kenya pia, na mwaka huohuo aliotoka Chitepo aliingia kijana mmoja wa kwao aitwaye Robert Mugabe.

Kutoka Fort Hare alikwenda London. Alipata kazi ya kusaidia utafiti wa lugha ya Kishona katika chuo cha masomo ya Asia na Afrika, na huku akifanya kazi hiyo alisomea sheria mpaka akafuzu kuwa wakili wa ngazi ya juu, yaani yule anayesimama kutetea mbele ya majaji wa Mahakama Kuu. Katika nchi yake hakuna Mwafrika aliyekuwa amepata kufika hapo kabla yake.

Upendo wake wa lugha haukufa kwa ajili ya sheria. Mwaka 1958 lilitolewa shairi lake refu la Kishona, Soko Risina Musoro, maana yake hadithi isiyo na kichwa. Wale wanaodhani mwanasheria ni mtu wa vifungu vikavu tu na walikumbuke shairi hilo. Kwetu pia Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amemzidi Chitepo umri kwa mwaka mmoja tu, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais, na Chitepo wakati huo yuko Dar es Salaam akimfanyia kazi. Sijui kama wawili hao walipata kuzungumza habari za mashairi, lakini ningependa kuamini kwamba walizungumza.

Alirudi nyumbani mwaka 1954, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Tangu mwaka 1930 Rhodesia ya Kusini ilikuwa na Sheria ya Mgawanyo wa Ardhi. Sheria hiyo iliikata nchi vipande: karibu nusu yake, tena yenye rutuba na iliyo kando ya reli, ikawekwa kwa ajili ya Wazungu, ambao hawakufikia hata mtu mmoja katika kumi. Waafrika wakasukumwa kwenye maeneo ya akiba yenye mchanga na mawe. Miji yote ilihesabiwa kuwa ardhi ya Wazungu. Mwafrika aliingia mjini kufanya kazi, na jioni akarudi kwenye mtaa wake wa Waafrika. Kuwa na ofisi yake katikati ya Salisbury, mji ambao leo unaitwa Harare, hakuruhusiwa.

Basi fikirini: huyu hapa wakili aliyefuzu London, ana haki ya kusimama mbele ya jaji na kubishana na wakili yeyote wa Kizungu, lakini hana haki ya kukodi chumba cha kuwekea vitabu vyake karibu na mahakama. Mawakili wa ngazi yake hufanya kazi pamoja katika jengo moja, na jengo hilo lilikuwa katikati ya mji. Serikali ikaona aibu. Ikabidi sheria irekebishwe ili Chitepo aweze kukaa na wenzake Wazungu katika jengo lao.

Wako waliosifu hatua hiyo wakasema nchi inabadilika. Mimi naiona kwa namna nyingine. Sheria ililegezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mamilioni wakaachwa palepale walipokuwa. Mkulima aliyefukuzwa kwenye shamba la baba yake hakupata marekebisho. Nadhani hata Chitepo mwenyewe aliliona hilo mapema kuliko wote, kwa sababu kila asubuhi alipofungua mlango wa ofisi ile alijua kuwa yumo humo kwa hisani, si kwa haki.

Kwa miaka ipatayo minane alifanya uwakili. Wanasiasa Waafrika walipokamatwa aliwatetea, na mmoja wao alikuwa Mchungaji Ndabaningi Sithole. Hakuwa mtu wa kupiga kelele majukwaani. Alivaa suti, alizungumza kwa utaratibu, na kwa muda mrefu Wazungu wenye siasa za wastani walimhesabu kuwa Mwafrika wa kuzungumza naye. Wakati huo alikuwa bado anaamini kwamba mambo yangeweza kurekebishwa kwa hoja. Mwaka 1961 alikwenda London kuwa mshauri wa sheria wa Joshua Nkomo katika mkutano wa katiba. Katiba iliyotoka huko iliwapa Waafrika viti 15 katika bunge la watu 65. Chama cha Nkomo kiliikataa, na kabla mwaka haujaisha kikapigwa marufuku. Kilipozaliwa kingine, ZAPU, nacho hakikumaliza mwaka mmoja.

Mwezi Mei 1962 Chitepo alifunga ofisi ile aliyotungiwa sheria, akaja Tanganyika.

Nchi yetu ilikuwa na miezi mitano tu ya uhuru. Wanasheria Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Chuo Kikuu kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, kwa sababu Serikali ilijua upungufu ulikuwa wapi. Lakini wanafunzi wale wachache wangechukua miaka kadhaa kuiva. Majaji, mahakimu wakubwa na waendesha mashtaka karibu wote walikuwa wageni wa Kiingereza. Katika hali hiyo Chitepo akapewa kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kwa faida ya vijana wetu, kazi hiyo ni hii. Polisi hukamata na kupeleleza, lakini mwenye neno la mwisho kama mtu ashtakiwe au asishtakiwe, na kwa kosa gani, ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Anaweza kuifuta kesi iliyokwisha kufunguliwa. Anaweza kukata rufaa mshtakiwa akiachiwa. Ni mamlaka makubwa, na hatari yake ni kubwa vilevile, hasa katika nchi changa ambako viongozi wana haraka. Mtu aliyekuwa amezoea kuwatetea wanasiasa dhidi ya Serikali sasa akakaa upande wa pili wa meza, akiishtaki mihalifu kwa niaba ya Serikali ya Waafrika wenzake. Ofisini humo yalimkuta maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, na Muungano na Zanzibar mwezi Aprili mwaka huohuo.

Na wakati wote huo alikuwa bado mwanasiasa wa kwao. Hili linanishangaza kila ninapolifikiria. Agosti 1963 wenzake waligawanyika: Sithole, Leopold Takawira, Mugabe, Enos Nkala na wengine wakamwacha Nkomo wakaunda ZANU. Chitepo akawa upande wao. Mei 1964 ZANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini Gwelo na ikamchagua, ingawa hayupo, kuwa mwenyekiti wa taifa. Maana yake ni kwamba mkuu wa mashtaka wa Tanganyika, mtumishi wa Serikali anayelipwa mshahara na hazina yetu, alikuwa pia mwenyekiti wa chama kilichotaka kuiondoa serikali ya nchi nyingine. Sidhani kuna nchi nyingi ambazo zingekubali. Nyerere alikubali. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na kwa Mwalimu mambo hayo mawili hayakugongana.

Miezi mitatu tu baada ya mkutano wa Gwelo, ZANU ikapigwa marufuku, na Sithole, Mugabe na wengine wakatupwa kizuizini walikokaa kwa miaka kumi. Kiongozi mkubwa aliyebaki nje alikuwa huyu wakili wa Dar es Salaam. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wakajitangazia uhuru wao, uhuru wa Wazungu wachache juu ya Waafrika wengi. Uingereza haikutuma hata askari mmoja. Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza mwezi Desemba kwa sababu hiyo, ikakosa na mkopo wa mamilioni ya pauni.

Januari 1966 Chitepo aliacha kazi yake, akahamia Lusaka kuongoza vita.

Alikuwa na umri wa miaka 42, mke na watoto, cheo kikubwa, na heshima katika mji wenye amani. Mkewe alibaki Tanzania, akafanya kazi ya ustawi wa jamii kwa wakimbizi wa Zimbabwe kati ya 1966 na 1968. Watu husema habari za wapiganaji waliotoka vijijini bila kitu, nao wanastahili. Lakini mtu anayeacha vitu naye anafanya hesabu ngumu. Chitepo hakuwa askari. Hakuwahi kuishika bunduki kwa kazi. Alichokuwa nacho ni akili iliyozoea kuipima hoja mpaka mwisho wake, na hoja yake ilikuwa kwamba palipo na sheria iliyotungwa na mwizi ili kuhalalisha wizi, wakili hana la kufanya mahakamani.

Mwanzo wa vita ulikuwa mbaya. Aprili 1966 vijana saba wa ZANU walizingirwa karibu na Sinoia, siku hizi Chinhoyi, wakapigana na polisi wenye helikopta mpaka wote wakafa. Leo Zimbabwe inawahesabu kuwa mashujaa wa kwanza wa vita vyao, na ni haki. Lakini Chitepo na wenzake hawakujidanganya. Waliona kwamba wamepeleka vijana mahali ambapo wanavijiji hawakuwa wameandaliwa, hawakujua wageni wale ni nani, wala wafichwe wapi. Kuanzia hapo mbinu ilibadilika polepole. Walimu wa Kichina walikuja kufundisha katika kambi ya Itumbi huko Chunya, na baadaye kambi kubwa ikawa Mgagao, Iringa. Somo kubwa likawa kwanza kukaa na wananchi, kuwasikiliza, kuweka silaha akiba, ndipo kupiga. Mwaka 1969 liliundwa baraza la vita lililoitwa Dare reChimurenga, na Chitepo akawa mwenyekiti wake.

Mwaka 1973, alipokuwa ziarani Australia, alieleza kwamba angeweza kuzungumza juu ya ubaguzi wa kila namna, wa makazi, wa elimu, wa uchumi, lakini ataishika ardhi peke yake kwa kuwa ndiyo shina la yote. Wakili huyu aliyekuwa amefanyiwa marekebisho ya Sheria ya Ardhi hakuwa ameisahau.

Wakati huo mlango ulikuwa umekwisha kufunguka. FRELIMO ilikuwa imeingia Tete, na Tete inapakana na kaskazini-mashariki ya Rhodesia. Wapiganaji wa ZANU walipita pamoja na wale wa FRELIMO, wakila nao na kulala nao, wakajifunza jinsi ya kuishi na wanavijiji. Walitumia miezi mingi kubeba silaha kichwani na kuzifukia. Tarehe 21 Desemba 1972 walishambulia shamba la Altena katika wilaya ya Centenary, na tangu usiku huo vita havikusimama tena mpaka mwisho. Wazee waliokuwa Newala, Tandahimba na kando ya Ruvuma, waliosikia mabomu ya Wareno na kuona watu wakikatwa miguu kwa mabomu ya kutegwa ardhini, watajua sasa kwamba gharama ile haikulipwa kwa ajili ya Msumbiji peke yake.

Kisha mambo yakaharibika kwa sababu ya ushindi. Tarehe 25 Aprili 1974 jeshi la Ureno liliipindua serikali yake huko Lisbon, na ikajulikana kuwa Msumbiji itakuwa huru. Makaburu wa Afrika Kusini wakaona hatari. Waziri Mkuu wao, Vorster, akaanza mazungumzo ya chinichini na Rais Kaunda wa Zambia. Smith angewafungua wafungwa, Waafrika wangesimamisha vita, watu wangekaa mezani. Zambia ilikuwa imeumia sana: mpaka wake na Rhodesia ulifungwa tangu Januari 1973, reli yetu ya TAZARA ilikuwa haijakamilika, na shaba yake ilipita kwa shida. Kaunda alikuwa na sababu zake. Desemba 1974 Sithole, Mugabe, Nkomo na wengine walikuwa wamekwisha toka vifungoni, na huko Lusaka vyama vyote vikalazimishwa kuungana chini ya Askofu Muzorewa.

Chitepo alipinga kusimamisha vita. Hoja yake ilikuwa kwamba Smith hajatoa kitu, na kwamba bunduki zikinyamaza kabla ya makubaliano, kesho yake hakuna atakayekuja mezani. Msimamo huo ulimfanya kuwa mgeni mzito katika nchi iliyomhifadhi.

Palepale nyumba ya ZANU yenyewe ikashika moto. Kuanzia Novemba 1974 kikundi cha makamanda wa mbele, wakiongozwa na Thomas Nhari, kiliasi. Malalamiko yao hayakuwa ya uongo mtupu: silaha ni chache, chakula hakuna, na wakubwa wanakaa raha Lusaka. Lakini waliyafanya kwa kuteka watu nyara, wakiwemo mke wa kamanda mkuu Josiah Tongogara na viongozi wengine. Uasi ulizimwa. Waasi walihojiwa mbele ya kamati ya chama iliyoongozwa na Chitepo, na mwishowe wengi wao waliuawa huko porini.

Hapa sitampaka Chitepo mafuta. Mtu huyu alifundishwa London kwamba mshtakiwa ana haki zake hata akiwa na hatia, na alikuwa ameisimamia kanuni hiyo katika nchi mbili. Mahakama ya porini haikuwa mahakama ya aina hiyo. Inasemekana yeye alitaka adhabu ndogo na wenye bunduki wakataka damu. Huenda ni kweli. Lakini alikuwa mwenyekiti, na vijana wale walikufa chini ya uenyekiti wake. Aliyeiacha mahakama kwa sababu sheria ilikuwa ya mwizi alijikuta mahali ambapo hapakuwa na sheria kabisa. Ni jambo la kuhuzunisha, na sioni sababu ya kulifunika katika jarida linalosomwa na vijana watakaoshika madaraka kesho.

Baada ya mauaji hayo kila mtu alimwogopa mwenzake. Palikuwa na minong'ono ya ukabila, Wamanyika huku na Wakaranga kule. Chitepo aliwekewa walinzi.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 18 Machi 1975 alitoka nyumbani kwake Chilenje Kusini, Lusaka, akaingia katika gari lake dogo aina ya Volkswagen pamoja na walinzi wawili. Aliporudisha gari nyuma bomu lililokuwa limetegwa likalipuka. Chitepo na mlinzi mmoja walikufa papo hapo, mlinzi wa pili akaumia, na jirani mmoja akafa baadaye kwa majeraha. Kipande cha gari kilirushwa mpaka juu ya paa la nyumba. Alikuwa na umri wa miaka 51.

Nani aliyelitega? Serikali ya Zambia iliwakamata viongozi na mamia ya wapiganaji wa ZANU. Rais Kaunda aliunda Tume ya Kimataifa yenye wajumbe kutoka nchi kadhaa za Afrika, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1976. Tume ilisema waliomuua ni wenzake wenyewe, wakuu wa Dare na wa jeshi, na ikamtaja Tongogara kuwa mbele. Tongogara na wenzake walikana, wakasema waliteswa ili wakiri. Waliachiwa Oktoba mwaka huohuo, wakaenda moja kwa moja kwenye mkutano wa Geneva. Hawakuhukumiwa.

Mwaka 1985 waandishi David Martin na Phyllis Johnson walitoa kitabu kizima juu ya mauaji hayo. Wao walisema ni kazi ya majasusi wa Rhodesia, walioajiri Wazungu waliozoea kazi za kuua, na maofisa wa zamani wa usalama wa Rhodesia nao walidai baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2003 mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, aliandika kitabu kingine. Yeye alionyesha jinsi watu wa pande mbalimbali walivyoendelea kukiri au kushutumiana juu ya kifo hicho, kila mmoja kwa faida ya siasa zake.

Maoni yangu ni kwamba ushahidi juu ya Rhodesia una uzito zaidi, maana Smith ndiye aliyefaidika. Chama kilisambaratika, vita vilikaribia kusimama kwa muda wa mwaka mzima, na wapiganaji wakafungwa na ndugu zao Waafrika. Lakini hayo ni maoni. Hukumu hutolewa na mahakama baada ya kusikiliza pande zote, ushahidi ukipimwa na mashahidi wakihojiwa. Mtu aliyekuwa mkuu wa mashtaka wa nchi nzima, ambaye mafaili ya vifo vya watu wengine yalipita mezani pake, kifo chake mwenyewe hakijapata hukumu.

Vita vilifufuka kutoka huku kwetu. Miezi miwili baada ya kifo chake, Mei 1975, Samora Machel alivuka Ruvuma kuanza safari yake ya ushindi hadi Maputo, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni. Mpaka wote wa mashariki wa Rhodesia sasa ulikuwa wazi. Baadaye mwaka huo maofisa wa ZANU walioko Mgagao walitoa tamko la kuwakataa viongozi wazee waliotaka mazungumzo bila vita, wakamtaja Mugabe kuwa ndiye wa kusema kwa niaba yao. Nyerere na Machel waliwaruhusu kupigana tena. Tongogara alikufa katika ajali ya gari huko Msumbiji tarehe 26 Desemba 1979, siku chache baada ya makubaliano ya Lancaster House, na Zimbabwe ikapata uhuru wake tarehe 18 Aprili 1980.

Mwaka 1981 mifupa ya Chitepo ilitolewa Lusaka ikazikwa upya katika makaburi ya mashujaa wa taifa mjini Harare. Barabara kubwa ya mji ule, ambao alihitaji marekebisho ya sheria ili akae ofisini humo, imepewa jina lake. Kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha Great Zimbabwe, Masvingo, nacho kina jina lake. Hapa Tanzania, kwenye kazi aliyoifanya karibu miaka minne, sijapata kuona hata ubao.

Mjane wake, Victoria, alirudi naye katika nchi ya mumewe, akachaguliwa kuwa mbunge, na kwa miaka mingi akawa waziri, wizara yake ya mwisho ikiwa ya habari, posta na mawasiliano. Alistaafu mwaka 1992. Alifariki Aprili 2016 akiwa na umri wa miaka 88, naye akazikwa katika makaburi yaleyale ya mashujaa alikolala mumewe.